Ubao Uliomzika Thadeus

Ubao wenyewe ulikuwa ukuta. Manubhai alikuwa na duka la rangi na vyuma mjini Kisii, na ukuta wake wa upande, unaotazama njia ya kwenda sokoni, ulikuwa umeharibika kwa matangazo yaliyobandikwa na kubanduliwa. Mume wangu Thadeus, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, alimwomba ruhusa aupake rangi nyeusi. Manubhai akampa na rangi yenyewe. Hiyo ilikuwa mwaka 1994.

Juu kabisa Thadeus aliandika sheria kwa rangi nyeupe, ili zisifutike kama chaki. Yeyote anaweza kuandika. Yeyote anaweza kusahihisha. Ukisahihisha, usifute: piga mstari juu ya kosa, andika lililo sahihi kando yake, kisha weka jina lako.

Sikudhani watu wangezifuata, lakini walizifuata. Waliandika bei ya mahindi ya Keumbu, siku ya chanjo ya ng'ombe, dawa ya kuku wanaokufa ghafla. Waliandika pia mambo ya zamani: shule fulani ilianza mwaka gani, daraja fulani lilijengwa na nani, mti fulani unaitwaje na unatibu nini. Walimu waliostaafu walisimama pale na mikongojo yao wakibishana, kila mmoja akipiga mstari juu ya mwaka wa mwenzake. Wakati mwingine sentensi moja ilikuwa na mistari mingi kuliko maneno. Thadeus alipenda kuitazama hiyo. Alisema ukuta ule unajua zaidi ya mtu yeyote aliyeuandika.

Kona ya chini, upande wa kulia, ilikuwa ya vifo. Huko hakuna aliyepiga mstari. Haikuwa sheria ya Thadeus, watu waliileta wenyewe. Jina la marehemu likishaandikwa, linakaa mpaka azikwe, halafu watu wa nyumba yake ndio wanaokuja kulifuta. Mwingine akiligusa kabla ya hapo, watu hujiuliza kwa nini anaharakisha, au anaficha nini. Miaka ile huku kwetu nyumba za walioshukiwa uchawi zilichomwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Kwa hiyo kila mtu alisoma kona ile akiwa amerudisha mikono nyuma.

Mwaka 1996, wakati wa mahindi mabichi, alikuja mwandishi wa habari wa gazeti moja la kila mwezi kutoka Nairobi. Aliitwa Nyamongo. Alikuwa na msichana mpiga picha, Natasha. Siku hiyo nilikuwa mjini nimemletea Thadeus chakula, kwa hiyo niliwaona na kuwasikia.

"Baba yangu ni wa Keumbu," Nyamongo alisema, "lakini mimi nimezaliwa Nairobi."

"Basi wewe ni Mkisii wa kwenye kitambulisho," mwalimu mmoja mzee akamwambia, na watu wakacheka. Nyamongo alicheka pia. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke mapema.

Alimuuliza Thadeus maswali mengi, huku Natasha akipiga picha mistari ile ya masahihisho. Mwishowe akauliza, "Na mtu akiandika uongo?"

"Wanaandika kila siku," Thadeus alisema. "Juzi mtu ameandika kwamba mke wa mwalimu fulani anapika pombe ya chang'aa. Ulipigwa mstari kabla chai yangu haijapoa."

"Nani alipiga?"

"Mwalimu."

"Na kweli hapiki?"

"Hilo ni lako, wewe ndiye mwandishi wa habari."

Watu wakacheka tena. Nyamongo akasogea karibu na ukuta. "Mimi naona ni hatari," akasema. "Hamna mhariri. Hamna anayewajibika. Mtu akiamua kuwadanganya, mtajuaje?"

"Tuko wengi," Thadeus akamjibu. "Na mimi hupita hapa kila asubuhi kabla sijaanza kazi. Kukiwa na jambo la ajabu, mimi ndiye nitakayeliona wa kwanza."

Sentensi hiyo nimeirudia kichwani mara nyingi. Alisema ukweli, ila ulikuwa ukweli wa siku za kawaida.

Wiki iliyofuata Thadeus alipata kazi Kenyenya. Mtu mmoja alikuwa amefungua duka la mbegu na alitaka bango lenye picha ya hindi na ng'ombe. Jumatatu alipitia kwa Manubhai kuchukua rangi, akapanda gari. Angelala huko na kurudi kazi ikiisha. Mimi nilijua, na Manubhai alijua. Nyamongo hakujua.

Yaliyotokea mjini Jumanne niliyasikia baadaye kwa Natasha na kwa Chandni, binti wa Manubhai. Nitayaeleza mahali pake ili mtu asipotee.

Asubuhi na mapema, kabla duka halijafunguliwa, Nyamongo aliandika mambo matatu kwenye ubao. La kwanza lilikuwa bei ya uongo ya maziwa. La pili lilikuwa mwaka wa uongo wa kuanzishwa kwa kanisa moja la Nyamira. La tatu alilinakili kwa uangalifu kutoka tangazo la kifo lililokuwa pale, akabadilisha jina tu:

Thadeus Nyangau wa Sironga amefariki kwa ajali ya barabarani. Mwili utafika nyumbani kesho. Mazishi kesho saa nane. Familia.

Natasha alimwambia aache hilo la tatu. Akamjibu kwamba ndilo salama kuliko yote, kwa sababu mwenyewe atapita sasa hivi, atalipiga mstari na kuandika "Niko hapa." Akasema hiyo itakuwa picha nzuri sana ya gazeti. Wakaingia hoteli ya chai upande wa pili wa barabara, wakakaa dirishani na saa ya mkononi juu ya meza.

Bei ya maziwa ilipigwa mstari kabla chai yao haijaletwa. Mwaka wa kanisa ulikaa kidogo, kisha mzee mmoja akausahihisha, na mwingine akamsahihisha huyo. Nyamongo aliandika yote. Halafu wakangoja Thadeus.

Watu walikuwa wanakuja, wanasoma kona ya chini, wanashika midomo. Wengine walikwenda moja kwa moja stendi. Chandni alitoka dukani akasoma, akamwita baba yake. Manubhai alivaa miwani akasoma mara mbili.

"Hapana," akasema. "Huyu jana nimempa rangi. Mzima kabisa. Ameniambia ng'ombe atamweka pembe moja ndefu, moja fupi, watu wacheke."

"Ajali haiulizi jana ulikuwaje," mwanamke mmoja akamwambia.

Chandni akachukua chaki apige mstari. Watu hawakumpigia kelele. Walisogea tu, wakawa kati yake na ukuta. "Dada, usiguse," mmoja akamwambia kwa upole. "Wewe si wa nyumba yake. Jina la marehemu halipigwi mstari kabla hajazikwa." Chandni alisema labda si marehemu. Yule mtu akamtazama kwa huruma, kisha kwa namna nyingine, na Manubhai akamshika bintiye mkono akamrudisha dukani. Yeye ni mfanyabiashara, ana ukuta mmoja tu na madirisha mengi ya kioo. Simlaumu.

Mchana Nyamongo alianza kuwa na wasiwasi. Alivuka barabara akauliza, na hapo ndipo aliposikia kwamba Thadeus yuko Kenyenya. Alitaka kulifuta yeye mwenyewe. Lakini umati ulikuwa umekuwa mkubwa, na akaogopa kusema ni nani aliyeliandika. Akarudi hotelini, akajiambia kwamba jioni Thadeus atafika na mambo yataisha.

Mimi alasiri hiyo nilikuwa nachuma majani ya chai. Niliona watu wakishuka njia ya kwetu Sironga, na mbele yao Manasseh, ndugu mdogo wa Thadeus. Alikuwa amevua kofia. Manasseh havui kofia hata mbele ya chifu. 

"Shemeji," akasema, "keti chini."

"Sema nikiwa nimesimama."

Akasema. Nilihisi kikapu kinaniwia kizito mgongoni, ingawa kilikuwa nusu tu. Nilimuuliza nani ameleta habari.

"Imeandikwa kwa Manubhai."

"Nani ameandika?"

"Familia."

"Manasseh, familia ndiyo sisi."

 Niliona wazo hilo likimwingia, na niliona akilitoa. "Labda ni watu waliokuwa naye kwenye gari," akasema. "Labda polisi. Shemeji, ubao ule ni wa Thadeus mwenyewe. Nani atamwandikia uongo kwenye ubao wake?"

 Hilo ndilo lililonifunga. Kama ingekuwa maneno ya mtu wa sokoni ningekataa. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea kuuamini ukuta ule, nilipanda maharagwe kwa maneno yake.

Nilimwomba mtu aende Kenyenya. Mvua ilikuwa imeanza na magari ya upande huo yalikuwa yameisha. Nilimwomba mwingine aende mochari ya Kisii. Alikwenda, akarudi na kusema mlinzi hamjui mtu wa jina hilo, lakini akamwambia maiti wa ajali mara nyingine hupelekwa kwingine. Jibu kama hilo ni baya kuliko ndiyo.

Mama mkwe wangu, Esnah, alikuwa ameshaanza kulia. Alikuwa amezika mume na binti katika boma lile, na alilia kama mtu anayeijua njia. Usiku ule sitauandika. Moraa wetu, aliyekuwa darasa la pili, alilala kwenye mapaja yangu, na kila gari lililopita barabarani nililisikiliza mpaka lipotee.

Asubuhi vijana walikuja na majembe. Niliwaambia wangoje mwili ufike kwanza. Mzee Nyakundi, baba mdogo wa Thadeus, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba.

"Binti yangu," akaniambia, "tangazo linasema saa nane. Mwili ukifika ukute hakuna shimo, aibu hiyo tutaiweka wapi?"

"Na usipofika?"

 Alitazama kando, kana kwamba nimetaja kitu ambacho hakitajwi. Nikaelewa kwamba kuna jambo ambalo yeye pia alikuwa analiogopa, na kwamba lilikuwa baya kwake kuliko kifo chenyewe. Vijana wakaanza kuchimba, kando ya nyumba yetu, pale Thadeus alipokuwa akikausha mabango yake.

Shimo lilikuwa limeshawafika mabegani nilipomwona.

Alikuwa anashuka kutoka barabarani kwa miguu, mkebe wa rangi mkono mmoja, viatu mkono wa pili kwa sababu ya tope. Aliona watu wamejaa uani. Aliona udongo mwekundu. Akaangusha mkebe, rangi ya kijani ikamwagika njiani, akaanza kukimbia huku analia, "Mama, mama yangu." Alidhani aliyekufa ni mama yake. Aliingia katikati ya waombolezaji wake mwenyewe akimlilia mama aliyekuwa ameketi pale.

Watu walikimbia. Nimeona watu wakimkimbia nyoka na wakiwakimbia polisi, lakini sijaona tena mbio kama zile. Hakukuwa na kelele, miguu tu. Kijana mmoja alibaki shimoni, hawezi kutoka, amejikunja chini akiwa ameziba uso. Thadeus alimfikia mama yake akapiga magoti, akamshika mikono. Esnah aliirudisha mikono yake kifuani.

"Wewe ni nani?" akamuuliza.

"Mama, ni mimi. Nani amekufa?"

 Akageuka akaniona. "Nyanchera, nani amekufa?"

Nilitaka kwenda kwake. Naandika ukweli: miguu yangu ilikataa. Ni Moraa aliyekwenda. Alimgusa usoni, akarudisha kidole chake akakitazama, kina rangi ya kijani.

"Ni wewe, baba," Moraa akasema. "Ulikuwa umekufa jana."

Baada ya hapo watu walirudi mmoja mmoja. Walimgusa. Wengine walicheka kicheko kile cha mtu aliyeponea chupuchupu, na mwalimu mmoja alimwambia kwamba amepata bahati ya kuona ni nani wangekuja. Thadeus alicheka naye. Akasema, "Jazeni udongo basi, tunywe chai. Chakula kimeshapikwa, kisiharibike."

Vijana hawakusogea. Walimtazama mzee Nyakundi.

"Limefunguliwa kwa jina lake," mzee akasema polepole. "Haliwezi kufungwa tupu. Likifungwa tupu litabaki linangoja." Akaeleza walichofanya wazee wetu jambo kama hilo lilipotokea. Mgomba hukatwa, shina lake hufunikwa nguo ya yule aliyeitwa, huzikwa mahali pake. Udongo hupewa kitu, na mtu huachwa.

"Mzee," Thadeus akasema, "mimi ni shemasi kanisani. Nitavika mgomba shati langu niuzike mbele ya watu?"

"Si kwa ajili yako. Mtazame mama yako."

Esnah alikuwa bado ameikumbatia mikono yake. Alikuwa anamtazama mwanawe, halafu shimo, halafu mwanawe, kama anayepima.

Hapo ndipo gari dogo liliposimama juu barabarani. Alishuka Chandni, na nyuma yake Natasha na Nyamongo. Chandni ndiye aliyewabana. Asubuhi hiyo Natasha alikwenda dukani akamwambia yote, na Chandni akasema kama hawatakwenda Sironga naye, atakwenda peke yake na kutaja majina yao.

Nyamongo alisimama mbele ya watu akaeleza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema ilikuwa majaribio. Alisema alitaka kujua uongo unaweza kukaa muda gani kwenye ubao wa watu wote. Alisema ilikuwa ya gazeti.

Kwa muda kidogo watu hawakuelewa. Kisha wakaelewa. Manasseh alichukua jembe, na si kwa kuchimba. Niliona vijana wakizunguka kimya kimya wakiwa nyuma ya Nyamongo, na nilijua kinachokuja, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimekiona kwenye boma la jirani na majivu yake bado yalikuwa pale.

"Manasseh," Thadeus akasema. "Weka chini. Siku moja ina kaburi moja, na hilo limetosha."

Manasseh akaliweka.

Natasha alikuwa analia. Nyamongo akajipangusa uso. Nadhani alitaka kufanya kitu, chochote. Akaelezwa habari ya shina la mgomba na nguo, na akasema haraka, "Basi mimi ndiye niliyesababisha. Chukueni koti langu. Uzikeni na koti langu."

 Mzee Nyakundi akamsogelea.

"Kijana, baba yako ni wa Keumbu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi unajua unachosema? Shimo humhesabu mwenye nguo."

"Mimi siamini mambo hayo," Nyamongo akasema.

"Vizuri. Vua."

Nyamongo akashika kifungo cha kwanza. Lilikuwa koti zuri la kahawia. Akafungua kifungo kile, na cha pili. Akaingiza mkono ndani ya koti kama anayetaka kulivua bega. Akatazama shimo. Lilikuwa limechimbwa vizuri, kuta zake zimenyooka, na maji kidogo ya mvua yamekaa chini. Mkono wake ulikaa pale pale begani. Natasha akamwambia taratibu, "Nyamongo, si lazima."  Tulimngoja. Jasho lilikuwa linamtoka, na hapakuwa na jua.

Halikuvuka bega. Mwishowe alirudisha mkono chini, na hakuna aliyemcheka.

Thadeus ndiye aliyemaliza jambo hilo. Alivua shati lake mwenyewe la kazi, lenye madoa ya rangi za miaka yote, akampa Manasseh. Likafungwa kwenye shina la mgomba, mikono yake ikafungwa fundo mbele. Wakaliteremsha kwa kamba kama mtu. Mchungaji wetu, aliyekuwa amekuja kuongoza mazishi, aligeuka akatazama milima. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya shati lile nilishikwa na baridi ambayo haijaniacha mpaka leo, kwa sababu nililijua kila kifungo chake. Mimi ndiye niliyekuwa nalifua.

Esnah alinyoosha mikono. "Momura one," akamwita, mwanangu, na akamkumbatia akiwa kifua wazi.

Kesho yake Thadeus alikwenda mjini na Nyamongo. Alimpa chaki akamwambia asifute, apige mstari na aandike. Nyamongo akaandika: Uongo. Thadeus yu hai. Nililiandika mimi. Akaweka jina lake kamili. Watu walisoma, na jambo likaisha.

Ila halikuisha. Waliosoma mstari ule ni waliokuwa mjini siku ile. Waliosoma tangazo Jumanne walikuwa wameshatawanyika, wako Kenyenya, wako Keroka, wako mashambani, wamebeba kifo cha mume wangu nyumbani kwao na hawakurudi kuuliza. Kwa miezi mingi mtu alikutana na Thadeus njiani akavuka upande wa pili. Wenye maduka walimwahirisha. Mmoja alimwambia wazi kwamba wateja wake hawapendi jina la duka lao liandikwe na mkono ule. Ng'ombe wa pembe ndefu na pembe fupi alikaa Kenyenya bila kupata mwenzake.

Gazeti lilitoka. Chandni alituletea. Liliandika kwamba ubao wa Kisii ulisahihisha mambo mawili ya uongo kati ya matatu, na kwamba hilo si baya kwa ukuta usio na mhariri. Kulikuwa na picha nzuri ya mistari. Habari ya shimo haikuwemo.

Thadeus hakumchukia. Lakini alibadilika. Alihamisha kitanda chetu kikakaa upande wa pili wa chumba, mbali na ukuta ulioelekea lile tuta. Mgomba ni kitu cha maji, huoza upesi, na mvua za mwaka uliofuata zilipokuja tuta lilizama. Alilijaza. Likazama tena, akalijaza tena. Kuna wakati aliamka akaniambia, "Nyanchera, nisikilize kama napumua." Nilimwekea sikio kifuani nikamwambia unapumua. Nilimwambia kila mara. Mchana alikuwa yule yule wa utani wake, akiandika sheria upya kwa rangi nyeupe zilipofifia. Aliongeza moja: Kona ya vifo nayo ipigwe mstari kama ni uongo. Usiogope.

Watu wakaizoea sheria hiyo.

Mwaka 1999 mapafu yake yalishikwa, na hospitali haikuweza. Alifia mikononi mwangu asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha kumwona. Nilimwekea sikio kifuani kama kawaida yetu.

Manasseh alikwenda mjini akaandika. Aliweka jina lake, hakuandika Familia. Aliporudi siku ya pili kuona, lilikuwa limepigwa mstari. Kando yake mtu alikuwa ameandika: Uongo. Walishatudanganya 1996. Mwingine chini yake: Kweli, ni uongo, yule ni mzima. Walikuwa wameweka majina yao. Walikuwa watu wema waliomkumbuka na kumlinda.

Nikaenda mwenyewe. Chandni alinipa chaki, akanishika kiwiko. Niliandika: Thadeus Nyangau wa Sironga amefariki. Ni kweli. Ni mimi Nyanchera, mke wake. Nilikuwa bado sijainuka kwenye kiti alicholeta Chandni, na mzee mmoja mwenye mkongojo akasogea. Alikuwa mmoja wa wale walimu. Hakuwa anaona vizuri tena.

"Mama," akaniambia kwa upole sana, "nani amekutisha tena? Usilie. Nenda nyumbani, utamkuta." Akainua chaki yake, akapiga mstari juu ya maneno yangu, pole pole, ili usipinde.

Nilipaswa kumzuia. Lakini kwa muda ule mfupi nilimwamini. Nilipanda gari nikiwa nimemwamini. Nilishuka Sironga nikatembea ile njia haraka, natazama mbele kama kutakuwa na mtu anayetembea na mkebe wa rangi na viatu mkononi.

Tulimzika kando ya lile tuta. Watu walikuwa wachache, majirani na wa nyumba yetu, na Manubhai na Chandni waliosimama nyuma na viatu vyao vya mjini kwenye tope. Wengi walikuja baadaye, wiki kwa wiki, wakiwa na aibu, wakisema walidhani ni yale yale. Moraa ndiye aliyeniuliza ni lipi kati ya matuta hayo mawili lenye baba. Nilimwonyesha. Alitaka kujua kama nina uhakika.

Desturi ni kwamba baada ya mazishi familia huja kulifuta jina. Nilikwenda na kitambaa kilicholoweshwa. Sikuona jina la kufuta, niliona mistari tu, mmoja juu ya mwingine, na juu ya yote mstari ule ulionyooka wa mwalimu. Nikarudisha kitambaa mfukoni, nikaacha.